Shokapu za Marehemu

Mliponiacha nilikuwa nimekaa juu ya tairi la akiba pale gereji, mikono imejaa grisi, nikimlaani mtu ambaye mwaka mzima nilikuwa nikimlilia. Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, karibu kwenye balaa langu. Nitakueleza kwa ufupi, kisha twende.

Nilikuwa na mume dereva wa lori. Lori lilikuwa letu wenyewe, kuukuu lakini letu. Mwaka jana lilipinduka kwenye mteremko likiwa na shehena ya saruji, akafa yeye na utingo wake. Wakaguzi walikuja, wakatazama alama za tairi barabarani, wakasema dereva alisinzia. Basi, ikawa hivyo mtaa mzima.

Mama yake utingo ni jirani yangu. Kati yetu kuna ukuta mmoja na kamba ya kuanikia nguo. Zamani alikuwa mama yangu wa pili. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenishika mkono njiani hadi hospitali, na yeye ndiye mtu wa kwanza kumbeba mwanangu. Tangu maziko hajagusa mtoto yule. Akinikuta bombani hugeuza ndoo yake na kusubiri niondoke. Mara moja tu alisema nami, na alichosema ni hiki: "Mume wako alisinzia, mwanangu hakuamka."

Mimi sikukubali. Mume wangu kabla ya safari alikuwa akilala mchana kutwa, hadi kuku nilikuwa nawafukuza uani wasimsumbue. Tangu siku hiyo ninachotaka duniani ni kimoja tu: nisimame mbele ya mama yule na kumwambia, kwa ushahidi, kwamba hakusinzia.

Wiki iliyopita fundi wetu alikuwa amemaliza kulinyoosha lori. Zikabaki shokapu. Mnajua shokapu, springi hubeba mzigo, na shokapu huizuia springi isirukeruke. Zikifa, tairi linadunda badala ya kukanyaga, breki hazishiki vizuri, na kwenye kona gari linafanya linavyotaka. Fundi akanivuta chini ya lori, akanionyesha jozi ya mbele. Mafuta yote yalikuwa yamevuja zamani, vumbi limegandia juu yake.

"Dada, hizi zilikufa kabla ya gari kupinduka," akasema. "Mumeo alikuwa anapigana na usukani, si usingizi."

Nikataka kumkumbatia na ovaroli lake lile. Halafu akaongeza kidogo tu, kama mtu anayetema ganda: "Na ni zile za rahisi. Za rahisi kabisa."

Hapo ndipo nilipokaa juu ya tairi la akiba.

Kwa sababu mume wangu hakununua za rahisi. Alinunua zile bora, na niliziona kwa macho yangu siku aliyozileta nyumbani akaziweka juu ya meza ya chakula kana kwamba ni wageni. Niligomba sana. Nilimwambia tunalala kwenye godoro ambalo limekwisha hadi naisikia sakafu, na yeye anapeleka pesa kwenye vyuma. Akacheka. "Godoro linabeba watu wawili," akasema. "Hizi zinabeba kila mtu tunayepishana naye barabarani."

Kisha akachukua tindo na nyundo, akaweka alama yake kwenye pete ya chini ambako boliti hupita: mikato mitatu na nukta. Kila kitu chake alikitia alama ile. Jeki, spana, hata kitako cha sufuria yangu ya wali. Alikuwa akisema gereji ni mahali ambapo kitu huingia kizima kikatoka kingine, na usipotia alama huna mdomo wa kudai.

Zile nilizoonyeshwa na fundi hazikuwa na alama yoyote.

Nikapiga hesabu ambayo mwanamke yeyote angeipiga. Alininunulia maneno, shokapu akazirudisha dukani. Pesa alizipeleka wapi? Wifi yangu aliwahi kunitupia neno kwamba mwisho wa ile njia aliyokuwa akipelekea saruji kuna nyumba ambayo mume wangu hakosi kupumzika. Nililipuuza neno lile alipokuwa hai. Wiki iliyopita nililiokota.

Nakiri mbele yenu. Nilirudi nyumbani, nikalitoa koti lake kwenye msumari nyuma ya mlango, koti ambalo mwaka mzima nilikuwa nalinusa kabla ya kulala, nikampa mlinzi wa gereji. Nikamwambia avae, asione haya. Nikarudi nikakaa mbele ya ule msumari mtupu.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikilizeni ya juzi.

Kaka yangu mkubwa alikuja asubuhi na pikapu ya kukodi twende tukanunue shokapu. Yeye ndiye atakayeliendesha lori. Hata mume wangu alipokuwa hai, akichoka au akisafiri, kaka ndiye aliyekuwa akishika usukani. Na nina deni kwake ambalo halilipiki. Siku nilipopata uchungu mume wangu alikuwa kwao kumzika shangazi yake. Mtoto alikaa vibaya, ikabidi nipasuliwe, na dawa zilitakiwa kununuliwa nje ya hospitali. Kaka alitoka akiwa hana kitu, akarudi na kila kitu. Nilipomuuliza baadaye, alisema dunia bado ina watu wema. Mtoto tukampa jina la mjomba wake, na mume wangu ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Njiani kaka alishikilia ninunue za rahisi. "Lori la saruji halibebi bi harusi, mdogo wangu. Nani atakayelalamika, mfuko wa saruji?"

Fundi alikuwa ameniambia kinyume chake. Alisema za rahisi zitanitii mwezi wa kwanza kama mchumba, baada ya hapo nitaujua ukweli wake. Siku nyingine ningemsikiliza fundi. Siku hiyo nilikuwa na hasira na marehemu. Kama yeye mwenye lori aliona za rahisi zinatosha, mimi mjane ni nani nijitie mbele? Nikamwambia kaka sawa, za rahisi.

Akafurahi kupita kiasi. Nilipoelekeza duka la kwanza pale kwenye safu ya maduka ya spea, akasema tusogee mbele, yule mzee ana maneno mengi. Nikamwambia mimi nimeshinda mwaka mzima na jirani asiyenisemesha, maneno mengi ndiyo nayatafuta. Nikashuka. Yeye akabaki ndani ya pikapu na mtoto mapajani, akauvuta mlango.

Mwenye duka alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nikamweleza lori, akaniletea aina mbili, akazilaza juu ya kaunta. Akaisimamisha ile ya rahisi, akaukandamiza ufito wake kwa kiganja. Ukazama chap, ukarudi chap. Akaisimamisha ile bora. Ikamgomea. Akaikandamiza kwa mikono miwili, ikashuka taratibu, akaiachia, ikapanda taratibu vilevile.

"Hii inabishana na wewe," akasema. "Shokapu isiyobishana haikusaidii kitu."

Nikamwambia nimebishana vya kutosha nyumbani, anifungie za rahisi.

Akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, maana hakuzifunga. Alisema kuna njia ya katikati. Ana jozi moja ya zile bora, imetumika kidogo sana, ameiweka nyuma muda mrefu. Hakuwa na nia ya kuiuza kwa sababu aliyeileta aliahidi kuikomboa, lakini ahadi imekuwa ndefu na mimi naonekana mtu mwenye shida. Akaingia stoo, akarudi na gunia. Akatoa moja, akachukua tambara, akaanza kuipangusa kuanzia juu kwenda chini.

Alipofika kwenye pete ya chini nilimshika mkono.

Mikato mitatu na nukta.

Nililia pale dukani mbele ya watu waliokuja kununua mikanda ya feni. Sikulia kwa huzuni mwanzoni, nawaambia ukweli. Nililia kwa kuwa hakunidanganya. Hakukuwa na nyumba mwisho wa njia wala mwanamke. Mume wangu alinunua alichosema amenunua, akakifunga mwenyewe, akakitia alama mwenyewe. Halafu nikalikumbuka koti, na huzuni ikaja yote kwa pamoja.

Nilipoweza kusema nikamuuliza mzee ni nani aliyemletea.

Kabla hajajibu, kaka akaingia. Mtoto alikuwa analilia maji. Kaka akaiona shokapu juu ya kaunta, akaiona pete, akaniona mimi.

"Chukua mpya," akasema. "Zile ghali. Nitalipa mimi."

Nikageuka kumtazama. Mtu aliyenihubiria mfuko wa saruji njia nzima.

"Nitalipa mimi," akarudia. "Hizo ziache. Ni kuukuu. Tafadhali, mdogo wangu."

Yule mzee akaisukuma miwani yake juu, akamchungulia, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Je, dada yako alipona?"

Mtoto alikuwa akimvuta kaka sikio. Nilisikia mtu nje anapiga nyundo kwenye rimu, na nikawa naomba asiache.

"Alipona," kaka akasema mwishowe. "Ndiye huyu."

Mzee wa watu hakujua anachokifanya. Alifurahi kama aliyepata ndugu. Akanisimulia yote: jinsi kaka alivyoingia mchana ule shati limelowa, akasema dada yake yuko mezani kwa daktari na dawa hazijapatikana. Hakuwa na kitu ila lori la shemeji yake aliloachiwa. Mzee akazipokea zile bora, akampa jozi ya rahisi azifunge mahali pake, na kilichozidi akampa mkononi. Akamwambia akipata arudi azichukue. Ndiyo maana hakuziuza. Akazunguka kaunta, akamshika mtoto shavu, akauliza kama ndiye yule. Nikasema ndiye.

Alinipa shokapu zile bila kutaka kitu. Alisema furaha ya kutuona inatosha.

Ndani ya pikapu tulikaa bila kuwasha gari. Shokapu zilikuwa miguuni mwangu ndani ya gunia, mtoto katikati yetu.

Kaka alisema alitaka kuzirudisha. Alisema shemeji alirudi kutoka mazikoni akanikuta hai na mtoto kifuani, akamkumbatia yeye kaka hadi akamwinua kutoka chini, akamwambia hana cha kumlipa. Kaka akajiambia atasema kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Lori lilikuwa linakwenda vizuri, na za rahisi mwezi wa kwanza zinatii. Akaona akipata tu kibarua kizuri atazikomboa, azifunge kimyakimya, na hakuna atakayejua.

"Alikuwa akilalamika gari linayumba," nikasema. "Mimi mwenyewe nilimsikia."

"Ndiyo."

Nilikuwa nakumbuka sasa. Alibadilisha tairi za kulia akazipeleka kushoto. Alikaza nati, akaingia chini ya usukani na tochi, akapima upepo asubuhi na jioni. Nilimuuliza mbona haangalii shokapu, maana ndizo alizonitambia. Akaniambia pale hapana haja, pale ameweka mwenyewe na alama yake ipo. Alikagua gari zima isipokuwa mahali pale pamoja alipokuwa na uhakika napo.

"Ukamwacha aende mteremkoni," nikasema.

"Nilimwambia apunguze mzigo. Akacheka, akasema nimekuwa mwoga tangu niitwe mjomba." Akaweka paji la uso kwenye usukani. "Nilikuwa nimefungua mdomo. Utingo akaja na gogo lake la kuzuia tairi, akalitupa ndani, akapanda. Wakaondoka."

Wasomaji wangu, mnaniandikia kila wiki mkinishauri. Nishaurini basi. Nilitaka kumchukia nikashindwa, kwa sababu bila yeye mimi na mwanangu tungekuwa chini ya udongo, na mume wangu angekuwa mjane wa kiume, na utingo angekuwa anamchotea mama yake maji. Nilitaka kumshukuru nikashindwa pia. Nilimtazama mtoto amelala mdomo wazi, nikajua ninachokipenda kuliko vyote duniani kilinunuliwa kwa vyuma vile miguuni mwangu. Sikujua nimlilie nani kwanza.

"Utamwambia mama yule?" kaka akauliza.

Nikasema ndicho nilichoomba mwaka mzima.

"Basi jua na hili," akasema. Alisema taratibu, bila kuniangalia. "Mchana ule pale hospitali nilikaa kwenye benchi nikishika kichwa. Nilishawaza lile lori, nikaona haya, si mali yangu. Ni mama huyo huyo aliyeninyanyua. Alinishika shati akaniambia, nenda kauze chochote, cha mtu yeyote, mradi huyu mtoto wa watu asife mbele yangu. Ndipo nikaenda."

Tulirudi gereji.

Nilikuwa nimepanga kumpa fundi gunia, kisha niende nyumbani nikafikiri. Lakini fundi wetu hana kifua. Jambo ukimwambia asubuhi, mchana linauzwa sokoni. Aliyoniambia mimi wiki iliyopita chini ya lori, alikuwa amekwisha kumwambia na mtu mwingine.

Tulipoingia getini mlinzi alitufungulia akiwa amevaa koti la mume wangu, mikono imempita vidole. Na juu ya lile tairi la akiba nililokuwa nimekaa mimi, alikuwa amekaa mama yake utingo.

Hakuwa amewahi kukanyaga pale tangu lori lile liletwe limepondeka. Aliinuka aliponiona.

Fundi naye hakusubiri. Alichukua gunia mikononi mwangu, akatoa shokapu, akaigeuza, akaiona pete. "Hizi ni za marehemu," akasema kwa sauti, mbele yetu wote. "Hii alama naijua. Kwa hiyo alikuwa nazo nzuri, akabadilishiwa."

Sikuweza kumzuia. Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

Mama akaja taratibu hadi mbele yangu. Mwaka mzima nilikuwa nimeiona shingo yake tu ikigeuka. Karibu namna ile niliona jinsi alivyokonda.

"Mwanangu," akasema.

Hakuwa ameniita hivyo tangu maziko.

"Nimekuapiza mwaka mzima moyoni mwangu," akasema. "Wewe na yeye aliye kaburini. Kama hakusinzia, nimekosa, na nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu hawa."

Haya ndiyo maneno niliyoyalilia. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi majibu yake nikifua, nikipika, nikipanga foleni bombani. Nilikuwa na ushahidi, tena wa chuma, umelala kwenye mikono ya fundi. Na sikuwa na furaha hata kidogo.

Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto. Mama akamtazama mtoto kwa mara ya kwanza, akanyoosha mikono. Kaka akampa. Mtoto hakulia. Alimshika yule mama kidevu, kama watoto wanavyowashika watu wanaowajua.

"Amekuwa mzito," mama akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na mtoto. Kisha akaniinulia macho. "Sasa niambie jambo moja tu, nami sitauliza tena. Nani alizitoa zile nzuri?"

Fundi akatutazama mmoja mmoja. Mlinzi akaacha kufunga geti. Nilihisi kaka anavuta pumzi ya kusema, nikarudisha mkono nyuma nikamshika asiseme.

"Mama, kaa kwanza," nikamwambia.

"Nimekaa mwaka mzima," akasema, akamweka mtoto vizuri begani. "Sema."